Damu Niliyoipika na Watu Walioitazama

Ulikuwa mwaka ule tuliokula parachichi mpaka midomo ikang'aa kama imepakwa mafuta ya nywele. Wanunuzi walikuja, wakachagua makubwa, wakaondoka, na yaliyobaki yakawa yetu. Tulikula na ugali, tulikula na viazi, asubuhi tulipaka kwenye mkate mahali pa siagi. Nguruwe wa jirani alipelekewa ndoo nzima, akanusa, akalala. Kwa hiyo mtu akiniuliza nilianza lini kusemwa mtandaoni, namjibu mwaka wa parachichi, na hapa Mbeya hakuna anayeuliza mara ya pili.

Nilikuwa uani, kisu mkononi, namenya hayohayo. Mjukuu wangu akatoka ndani na simu ameikumbatia kifuani. Huyu ni mtoto wa binti yangu wa kwanza, nimemlea mwenyewe, na mwaka huo alikuwa amechumbiwa. Barua ya posa ilikuwa imeletwa kutoka Iringa, tumeijibu, tumekubali, kilichobaki ni wazee kukutana na kupanga siku ya kanisani. Alikuwa anatembea humu ndani kama mtu aliyebeba trei ya mayai.

"Bibi, wewe uliwahi kucheza filamu?"

"Niliwahi."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

"Bibi, unakula mtu!"

"Maini tu," nikamwambia. "Mtu mzima nisingemmaliza."

Akakaa kwenye kigoda, akanitazama kama ndiyo siku ya kwanza tunaonana. Ikabidi nimweleze.

Kabla yeye hajazaliwa nilikuwa napika chakula cha kuuza karibu na soko. Mlango wa pili alikuwepo fundi wa kamera. Alikuwa Mwislamu, babu zake watu wa pwani, yeye kazaliwa hapahapa na baridi ya Mbeya ameizoea. Kazi yake ilikuwa kupiga mikanda ya harusi. Msimu mmoja harusi zikapungua, akasema atatengeneza filamu ya kutisha. Hadithi yake ilikuwa fupi. Mwanamke amekufa, amezikwa, amefufuka, anakula maini ya watu mmoja mmoja mpaka mkanda unaisha.

Mimi nilichukuliwa kuwapikia wachezaji. Siku ya kwanza wakaulizana damu itapatikana wapi. Nikasema ya nguruwe naweza kuleta ndoo asubuhi. Fundi akatoka nje, akakaa kidogo, akarudi, akasema, "Mama, tafadhali, haya mazungumzo tuyaanze upya."

Ndipo nikapika ya rozela. Unachemsha maua yake mpaka maji yawe mekundu ya kuogopesha, unakoroga unga wa mahindi kidogo kama uji wa mgonjwa, unatia sukari ili ing'ae. Sukari ndiyo ilikuwa kosa langu, nakubali. Siku ya mauaji ya tatu walikuja nyuki. Maiti alikimbia. Fundi hakuzima kamera kwa sababu mkanda ulikuwa mmoja, na maiti yule anaonekana mpaka leo akiruka ukuta na utumbo wake mkononi.

Siku ya nne dada aliyekuwa mzuka aliota ndoto mbaya, hakurudi. Fundi akatazama huku na huku, akaishia kwangu. Nikavua aproni. Wakanipaka majivu usoni, wakanifunga shuka, wakanipa maini ya ng'ombe. Nikasema mabichi sili, nikayachemsha kwanza na kitunguu, wakanisubiri.

"Mama, mzuka lazima aseme kitu," fundi akaniambia. "Sema lugha yoyote, ilimradi mtazamaji asielewe."

Pale walikuwepo Wasafwa na Wanyakyusa, na yeye mwenyewe Kiswahili tupu. Mimi ni Mhehe. Nikajaza mdomo maini, nikaitazama kamera, nikasema Kihehe kwa muda mrefu, na kidole nikainua. Mshika taa aliangusha taa. Fundi akasema, "Hapohapo, mama, hapohapo, Mungu akubariki." Nilichosema nitakifikia.

Fundi alishafariki siku nyingi. Sasa mtoto wake alikuwa ameitoa kanda kabatini na kuiweka mtandaoni, na watu ambao inaonekana hawana palizi wala mavuno walikuwa wameitazama na kuandika maoni. Nikamwambia mjukuu anisomee. Macho yangu na simu hayapatani, na shule niliishia darasa la tatu.

"Huyu anasema damu ni juisi."

"Kweli. Endelea."

"Huyu anasema aliyeuawa mwanzoni ndiye anayeleta chai katikati."

"Tulikuwa wachache."

"Huyu anasema ametazama huku anakula wali na hakusikia chochote, filamu mbovu."

"Mwenye njaa hasikii. Mwingine."

"Huyu anasema utumbo ni wa mpira."

Nikaweka kisu chini. Utumbo ule ulikuwa wa mbuzi, niliuosha maji matano, nikaugeuza ndani nje kwa kijiti, na mikono yangu ilinuka mpaka Jumapili. "Mwandikie."

"Bibi, hatujibizani na watu mtandaoni."

"Mwandikie utumbo ni wa mbuzi, na aje nimwoneshe unavyooshwa."

Akaandika. Yule mtu akajibu palepale kwa vile viuso vinavyocheka mpaka vinatoa machozi, sita, mstari mmoja. Huo ndio mjadala wa siku hizi.

Kuna aliyeuliza mbona mzuka amevaa kandambili. Kaburi tulilichimba kwenye kokoto, nitembee vipi? Kuna aliyesimamisha picha akaona kipande cha kitunguu kwenye ini, akaandika kwamba huyu marehemu anajua kupika. Kuna aliyesema, "Bibi huyu haigizi, huyu ndivyo alivyo." Huyo nilimpenda. Nikamwambia mjukuu anisomee tena, akanisomea tena.

Halafu tukafika kwa mmoja anayejiita mtumishi wa Mungu. Alikuwa ameandika kirefu. Alisema ile lugha niliyosema ni ya kuzimu, kwamba aliposikia aliona moto umepita mgongoni, na kwamba mtu akifika sehemu hiyo aizime simu na kuifunika kitambaa. Chini yake watu walikuwa wameandika amina, amina, wengine wakaomba waombewe simu zao.

Mjukuu alikuwa anacheka mpaka anashika ubavu. Akateremka chini zaidi na kusoma kwa sauti:

"Kuzimu ya wapi, mtumishi? Hicho ni Kihehe. Bibi anasema maharage hayana chumvi."

Kisha akaacha kucheka. Aliyeandika hivyo, mtu anayejitambulisha kuwa wa Iringa, ambaye simjui na sina ugomvi naye, alikuwa ametafsiri yote, neno kwa neno, na jina la kijiji akaliweka. Mjukuu akasoma kimya, midomo inatikisika.

"Bibi," akasema, "hiki ndicho kijiji chao."

"Cha nani?"

"Cha kina mchumba wangu. Baba yake amezaliwa hapo. Wamehamia mjini tu."

Barua ya posa ilisema Iringa mjini. Asili yao sikuulizia, na mimi ndiye niliyepaswa kuulizia. Nikarudi kumenya parachichi.

Sasa nilichosema. Miaka ile kiwanda cha karatasi cha Mgololo kilikuwa kinajengwa, na marehemu mume wangu alikuwa kibarua pale. Nilikuwa mke mpya, nina mimba ya miezi saba, ya mama yake huyu mjukuu. Akafa shangazi wa mume wangu katika kijiji hicho, jina silitaji hapa kwa kuwa nilishalitaja kwenye filamu na inatosha. Tulikwenda kwa miguu tangu asubuhi mpaka jua likainama. Tukalia, tukazika. Chakula kikaja. Sisi wageni tukapewa maharage, hayana chumvi hata ya kudanganyia. Wenye nyumba wakaingia ndani, mlango ukafungwa, na harufu ya kuku ikapita chini ya mlango, ikaja ikakaa na mimi.

Wakasema chumvi haipatikani. Ilikuwa miaka ya foleni, sabuni foleni, sukari foleni, nikaamini. Nikala kidogo tu yale maharage kwa ajili ya mtoto tumboni. Baadaye, kwa kuwa mke mpya ni wa kutumwa, nikapewa vyombo nioshe. Sufuria la kuku likanifikia. Nikapitisha kidole ndani, nikalamba.

Chumvi ilikuwepo.

Sikusema. Kwetu mke mpya hasemi, na akishakuwa mke wa zamani watu wanamwambia mambo hayo yamepita. Nilikaa nalo mpaka siku ile fundi wa kamera aliponiambia mama, sema lugha yoyote. Kwa hiyo nilisema kwamba watu wa kijiji fulani wanawapa waliofiwa maharage yasiyo na chumvi, wanafunga mlango wakila kuku, na kwamba mwenye mimba alilala na njaa kwao. Nikalirudia jina la kijiji mara mbili kwa sababu fundi alitaka sekunde zaidi.

Haikupita wiki mbili mshenga akaja. Ni mzee mpole, kofia anaishika mkononi, anakaa ukingoni mwa kiti kama anayetaka kuondoka ila hajaruhusiwa.

"Kamwene, bibi," akanisalimia kwa Kihehe.

"Kamwene."

Akanywa chai, akala parachichi kwa adabu, akasifia mvua. Halafu akaiweka kofia gotini.

"Bibi, kuna jambo la ile filamu."

"Damu ni rozela," nikamwambia. "Hakuna aliyeumizwa."

"Damu hawana neno nayo. Wameipenda. Ile sehemu ya maiti kuruka ukuta wameirudisha mara nyingi mpaka rimoti imelegea. Shida yao ni maharage."

"Maharage yana shida gani?"

"Wanachekwa, bibi. Mtu wa kijiji kile akienda sokoni Iringa anaulizwa, chumvi ipo? Akikaribishwa mahali anaambiwa aache mlango wazi. Kijana wetu mwenyewe kazini wamemwekea pakiti ya chumvi juu ya meza." Akakohoa. "Wazee wanaomba neno moja tu. Useme samahani, ulikuwa unaigiza."

"Pale nilikuwa siigizi."

"Miaka ile chumvi ilikuwa shida nchi nzima."

"Sufuria la kuku niliosha mimi."

Mzee akaitazama kofia yake. Sidhani kama jibu hilo alilitarajia. "Bila samahani," akasema polepole, "hawapangi siku ya kanisani. Wamesema hivyo, na mimi nimetumwa tu."

Nikajua mjukuu yuko nyuma ya pazia la jikoni, kwa sababu masufuria yalikuwa yamenyamaza. Nikasema hata hivyo.

"Basi wapelekee kama ninavyosema, usipunguze wala usiongeze. Maharage hayakuwa na chumvi, mlango ulifungwa, na mimi siombi radhi."

Akatoa karatasi mfukoni akaandika. Akanisomea. Nikasema sawa. Akaomba maparachichi mawili ya njiani, nikampa gunia.

Mshenga alipoondoka mjukuu akatoka jikoni. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya.

"Bibi, ni samahani tu. Kila siku unaisema. Ukimkanyaga paka unasema samahani."

"Paka nilimkanyaga kweli."

"Nikimkosa huyu?"

"Utaolewa na mwingine."

"Simtaki mwingine," akasema, akaenda kufua.

Siku zilizofuata alinipikia, akanitandikia, akanisalimia shikamoo asubuhi na jioni kama ninavyostahili, ila maoni hakunisomea tena na usoni hakunitazama. Siku moja niko peke yangu jikoni nikajaribu kulisema lile neno, nione kama linatoka. Lilitoka vizuri tu, sauti nzuri. Nikajisikia kama nimemnyang'anya sahani yule msichana mwenye mimba nikaila mwenyewe. Sikulijaribu tena.

Kisha tukaitwa Iringa, mchana wa Jumamosi. Tulipokelewa nyumbani kwa baba mdogo wa kijana. Wazee walikuwa watatu kwenye viti vya vitambaa, mshenga pembeni, kijana mwenyewe anatazama viatu vyake. Bibi yake kijana alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, amejifunika blanketi, hasemi. Televisheni ilikuwa imewashwa na picha imesimamishwa. Ilikuwa sura yangu, mdomo umejaa ini, kidole juu. Nilikuwa na meno yote wakati ule.

Mzee wa kwanza alikuwa katekista. Akaanza yeye.

"Mama, kabla ya yote. Damu ile ni nyingi. Mtu mmoja hawezi kutoa vile."

"Ndoo mbili," nikasema. "Fundi alitaka tatu, nikamkatalia."

"Ahaa. Ulifanya vema."

Wa pili alikuwa na bucha. "Mimi lililonikera ni yule muuaji wa kwanza. Anachinja kwa mgongo wa kisu."

"Kisu kilikuwa changu cha vitunguu. Makali nilimnyima."

Wakatikisa vichwa wote, wakasema hapo sawa, vijana hawaaminiki na kisu. Mwenye bucha akauliza tena kama nyuki tuliwafundisha. Nikasema walijifundisha wenyewe. Akasema basi hao ndio waigizaji bora wa filamu nzima, na mwenzake akampinga, akasema bora ni yule maiti, maana ukuta ule ni mrefu. Wakabishana kidogo juu ya ukuta. Mjukuu wangu alikuwa ameshika pindo la kanga yangu.

Mzee wa tatu, ambaye ndiye mwenyekiti wao, akagonga fimbo chini. "Tumemaliza damu. Sasa maharage."

Akaeleza kama alivyoeleza mshenga, ila kwa uchungu zaidi. Alisema kijiji kimetoa mapadri na walimu, leo kinajulikana kwa chumvi. Alisema yeye mwenyewe kwenye mazishi juzi ameletewa sahani na kijiko cha chumvi pembeni, na watu wakainamisha vichwa kuficha vicheko. Alisema hawataki ng'ombe wala mbuzi. Wanataka samahani.

"Niacheni mimi nimuulize," akasema bibi wa kijana kutoka mkekani.

Akajitoa kwenye blanketi, akanigeukia. Macho yake yalikuwa makali kuliko ya watu wote mle.

"Mwenzangu, hilo sufuria la kuku unalosema uliosha. Likoje?"

"Dogo. Kitako chake kilikuwa kimezibwa tundu kwa bati, upande wa kushoto. Lilinikata kidole."

Akafumba macho, akayafumbua.

"Hilo sufuria nilipika mimi," akawaambia wazee. "Nilikuwa nimeolewa nyumba ile miezi minne. Chumvi alikuwa nayo mama mkwe, ameifunga pembe ya kanga, akanipimia ya kuku. Maharage yenu wageni akaniambia niache hivyohivyo. Na mlango ulipofungwa mimi nilikuwa nje. Nilikula yaleyale, nyuma ya jiko, nimesimama." Akamnyooshea mwenyekiti kidole. "Wewe, shemeji, ulikuwa ndani. Ulikula paja."

"Nilikuwa mtoto, shemeji."

"Ulikula."

Mwenyekiti akaiegemeza fimbo ukutani. Mwenye bucha akatazama dari. Kijana akainua macho kutoka kwenye viatu kwa mara ya kwanza, akamtazama bibi yake, halafu akamtazama mjukuu wangu.

"Mshenga, andika," yule bibi akasema. "Siku ya kanisani ni Jumamosi ya kwanza mahindi yakishaingia ghalani. Huyu binti ni wetu. Kuna mwenye neno?"

Mshenga akaandika. Nikadhani imekwisha, nikaanza kutafuta mkoba wangu.

"Wewe usiondoke," akaniambia. "Maneno yako yaliletwa hapa kwenye karatasi, akayasoma huyu mshenga kwa sauti ya kuomba kazi. Kwenye filamu nako umejaza maini mdomoni, nusu ya maneno haisikiki. Miaka yote hii nami nilikuwa mke mpya, mwenzangu, mpaka nikazeeka. Simama uwaambie kwa mdomo mtupu, nami nisikie nikiwa hai. Unaomba radhi, au huombi?"

Mjukuu akaliachia pindo la kanga. Nikasimama, magoti yakalia, nikasubiri yanyamaze.

"Maharage hayakuwa na chumvi, mlango ulifungwa, na mimi siombi radhi."